Bakuli la Watu wa Mojomby

Halimati binti Athoumani alikuwa na wivu, na mimi sitamficha. Watu wakisimulia habari za marehemu huanza na swala zake na sadaka zake. Swala alikuwa nazo, sadaka pia. Lakini ukilitaja jina lake pale Marodoka, kisiwani Nosy Be, wa kwanza kujibu atacheka kwanza, kisha atasema: "Yule mpiga pasi? Lo, yule mama na kijicho chake!" Basi tuanze na hicho kijicho, maana bila hicho hakuna la kusimulia.

Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za Wazungu wa Hell-Ville. Kila asubuhi alitoka Marodoka na kapu kichwani, akapita penye mashamba ya milangilangi yanayonukia mpaka kichwa kikauma, akafika mjini, akakoka makaa ya pasi yake nyuma ya nyumba ya afisa wa forodha. Suruali nyeupe, makoti meupe, vitambaa vyeupe vya meza! Wazungu wale walipenda weupe katika nchi ya vumbi jekundu, na Halimati ndiye aliyewatunzia upuuzi huo. Kazi aliipenda. Alipomaliza shati alilishika mabegani, akalitazama, na uso wake ukawa wa mtu aliyeridhika. Saa nyingine zote hakuwa mtu wa kuridhika.

Aliwahi kuolewa akiwa msichana. Mume akaenda kisiwa cha Nzuwani kumzika baba yake, akaoa hukohuko, na talaka ikaletwa na baharia kwa mdomo, pamoja na salamu. Tangu hapo Halimati aliishi na bibi yake, Bibi Zaïnabou, na mdogo wake Echata, ambaye Halimati alimlea mgongoni mama yao alipofariki. Nyumbani walisema Kibuki, lugha ya Bukini, kama watu wote wa kisiwani, na kazini Kifaransa cha kuokoteza. Kiswahili kilibaki kwa Bibi: katika dua, katika majina ya pepo za bahari na ya mizigo, na katika maneno ya bakuli. Kwa hiyo haya ninayowasemesha, mengi yalisemwa Kibuki. Maneno ya bakuli tu ndiyo sikuyagusa.

Bakuli lenyewe lilikuwa la shaba, limebonyea upande mmoja, na habari yake ni hii. Wazee wa Antalaotra, yaani watu wa baharini waliokaa katika miji ya pwani hii, husema asili yao ni kisiwa kiitwacho Mojomby, kilichokuwa kati ya Komoro na Bukini, kikazama kwa maovu ya wakazi wake. Kila ukoo husimulia kwa namna yake. Kwa Bibi Zaïnabou ovu lilikuwa moja tu, husuda. Watu wa Mojomby, alisema, waliswali vizuri na walikula vizuri, lakini hakuna aliyevumilia kuona ukuta wa jirani umepita wake. Basi mtu akaenda akachomoa jiwe katika msingi wa jirani, akaliongeza juu ya ukuta wake. Jirani naye akachomoa kwa mwingine. Kuta zikapanda, misingi ikaisha, bahari ikaingia bila kubisha hodi. Waliookoka ni watu wa nyumba moja waliolizunguka bakuli, wakanawa pamoja, wakaapa kutooneana kijicho, wakapanda chombo.

Tangu hapo, katika ukoo ule, bibi harusi havuki bahari kabla nyumba haijanawa. Maji huchotwa baharini asubuhi. Mkubwa wa nyumba hushika bakuli, akamuuliza kila mmoja: "Moyo umetua?" Naye huzamisha mkono wa kulia, akasema: "Sina kijicho, sina kinyongo, bahari ni shahidi." Mwenye lake moyoni husema "Bado," na safari husimama mpaka limalizwe. Maji yale hutiwa chupani, na ndugu mkubwa wa kike huyapeleka hadi nyumba ya bwana harusi. Mlangoni huulizwa kama maji ni safi, ndipo huyamwaga miguuni pa bibi harusi. Na anayesema uongo penye bakuli, chombo chake hakifiki. Bibi alisisitiza kwamba kusema "bado" si aibu. Lakini nani aliwahi kusema? Kila mtu alinawa, akatabasamu, akaenda kula pilau.

Miaka michache kabla ya vita vile vya pili vya dunia alikuja Nosy Be Mfaransa mmoja mwembamba, anayegongagonga mawe kwa nyundo ndogo. Watu wakamwita Bwana Nyundo. Alikuwa anatafuta nchi. Aliamini kwamba zamani, binadamu hajaja duniani, palikuwa na bara zima kati ya Bukini, Bara Hindi na Afrika, na kwamba bara hilo lilizama. Ushahidi wake? Komba! Komba wa Bukini wana jamaa zao Afrika na jamaa zao Bara Hindi, alisema, na komba haogelei. Basi walipita wapi? Wataalamu wa Ulaya waliipa nchi hiyo jina kutokana na komba kwa lugha yao, wakaiita Lemuria. Halimati alikuwa akimpigia pasi kaptura zake. Akamwambia kwamba nchi iliyozama anayo na yeye, inaitwa Mojomby, tena iko karibu zaidi. Yule bwana nusura aangushe nyundo.

Akaja Marodoka siku ya Ijumaa kuisikiliza. Kusimulia Mojomby ni haki ya mjukuu mkubwa wa kike, na Halimati alijitayarisha sawasawa: amepaka liwa, amevaa nguo ya Idi, amekohoa. Akaanza kwa bismillahi, akaingia katika nasaba. Alikuwa bado yumo katika nasaba Echata alipoingia na sinia la chai, akamtazama mgeni, akasema: "Dada, huyu atalala." Akaweka sinia chini, akaanza yeye. Akachomoa mawe hewani, akapanga ukuta, akapanda juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akazama nacho mpaka sakafuni akipiga kelele. Bwana Nyundo alipiga makofi. Akatoa mfukoni jiwe lenye umbo la konokono aliyejikunja, alilolipata upande wa Mahajanga, katika pwani ya Bukini, akaeleza kwamba huyu alikuwa mnyama wa baharini wakati dunia ilikuwa nyingine, akampa Echata.

Halimati akatabasamu na kumimina chai. Moyoni alisema: jiwe langu.

Halafu akaja Bourhane. Huyu alikuwa fundi cherehani kutoka Mahajanga, akaweka mashine yake barazani kwa Mhindi mmoja wa Hell-Ville, akashona suti za Wazungu. Suti zikishashonwa huenda kwenye pasi, na pasi ni Halimati. Bourhane alikuwa na vidole virefu na sauti ya chini, na alimwita "fundi mwenzangu." Hakuna mwanamume aliyewahi kumwita Halimati fundi. Kwa neno hilo moja aliingiwa na mapenzi mpaka mifupani. Baada ya muda Bourhane akaanza kuleta makoti yasiyohitaji pasi, na Halimati aliyapiga pasi hivyohivyo, taratibu, mikono na kola na bitana ya ndani. Kuyarudisha mwenyewe aliona si heshima kwa mwanamke aliyeachwa, maana watu wana midomo. Kwa hiyo alimtuma Echata. Alimtuma yeye mwenyewe, jamani, kila Alhamisi! Fisi hapewi bucha kulinda, na Halimati alimpa na ufunguo.

Wanawake wa posa walipokuja kutoka Mahajanga, Halimati alikuwa jikoni akikaanga sambusa kwa furaha. Alijua wametumwa na Bourhane. Alilisikia jina la anayeposwa likitajwa ukumbini, na halikuwa lake. Sambusa ziliungua zote.

Na nani wa kumlaumu? Hakuna aliyejua kitu. Bourhane hakumwahidi lolote. Machoni pa watu Halimati alikwisha kuolewa zamu yake, sasa ni zamu ya mdogo wake, alhamdulillahi. Shangazi zake wakampa hongera, wakampa na kapu la nguo za harusi azinyooshe. Akazinyoosha. Mwisho kabisa akafika kwenye kanzu ya Bourhane, akaisimamisha pasi juu yake, akawaza: nikiiacha hapa kifuani kidogo tu. Hakuiacha. Aliipiga pasi kanzu ile ikatoka haina kosa hata moja, na aliipiga kwa hasira tupu.

Siku ya kunawa ikafika. Bibi Zaïnabou akashika bakuli. Echata akazamisha mkono, midomo ikacheza, macho chini kama ilivyo desturi ya bibi harusi. Wakafuata shangazi na binamu. Zamu ya Halimati.

"Moyo umetua?" Bibi akauliza.

Moyo! Moyo haukuwa na hata dalili ya kutua. Angeweza kusema "bado." Lakini baada ya hapo angesema nini? Kwamba mwanamke aliyeachwa alimpenda mchumba wa mdogo wake kwa sababu ya makoti? Shangazi zake wangecheka hadi watu wa Ambatoloaka, upande wa pili wa kisiwa, wakasikia. Basi akafanya jambo ambalo ni mtu wa ukoo ule tu angelifikiria. Alishusha mkono ndani ya bakuli, mtandio ukaufunika, akaukunja ngumi juu ya maji, usiguse hata tone. Kisha akayasema maneno yote kwa sauti nzuri. Hesabu yake ilikuwa hivi: asiyenawa hajaapa, na asiyeapa hajasema uongo. Akautoa mkono mkavu, akaupangusa kwenye nguo kama wenzake, akajiona mjanja.

Ujanja huo ulidumu mpaka Bibi alipoyatia maji chupani na kumkabidhi. "Wewe ndiye mkubwa," akamwambia. "Utakwenda naye mpaka mlangoni."

Hasira humsahaulisha mtu. Halimati alikuwa amesahau kabisa kwamba mbeba maji ni yeye, na kwamba chombo atakachokizamisha, yeye mwenyewe atakuwamo ndani.

Wakapanda meli ya pwani kwenda Mahajanga, ya chuma, na Halimati alijua kwamba chuma huzama upesi kuliko mbao. Wakakaa sitahani katikati ya magunia ya sukari na mbuzi wa Mhindi mmoja. Echata alikula ndizi na kuchungulia kila kitu. Halimati aliipakata chupa, akahesabu dhambi. Walipoiacha bandari ya Analalava upepo ukavimba. Meli ikaanza kuinama huku na huku, mbuzi wakateleza, mama mmoja mwenye mtoto mchanga akaanza kusoma Yasini kwa sauti. Halimati akamtazama yule mtoto. Hata huyu, akawaza, hata huyu nitamzamisha kwa ajili ya mshona makoti.

"Echata."

"Naam, dada."

"Sikunawa."

Echata akamgeukia. "Nimeuona mkono wako ukiingia bakulini."

"Uliingia, haukugusa maji. Nilisema maneno tu. Nilikuwa na kijicho, na bado ninacho. Bourhane nilimtaka mimi, nilimtaka kabla yako, nikakutuma kwake kwa mguu wako, mpumbavu mimi. Sasa tunazama."

Alidhani Echata atalia. Echata alicheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Mimi nilinawa," akasema. "Lakini maneno sikuyasema. Nilichezesha midomo."

"Wewe? Wewe una kijicho cha nini, na kila kitu umepata wewe?"

"Chako," Echata akasema. "Tangu utoto wangu ni Halimati, Halimati. Halimati ana mkono mzuri. Hadithi ni ya Halimati. Bibi akifa, bakuli ni la Halimati. Mimi ni yule wa kubeba kapu. Nilijua unamtaka Bourhane. Ulikuwa unayanusa makoti yake, dada! Wote pale nyumbani vipofu, mimi nina macho. Kama wewe usingemtaka, mimi nisingemtazama mara mbili."

Halimati alimpiga kofi. Hapohapo wimbi likapanda sitahani likawalowesha wote wawili, pamoja na mbuzi. Kisha Echata, ameshika shavu, akasema: "Mmoja kanawa hakusema, mwingine kasema hakunawa. Tukichanganywa anapatikana mtu mmoja mkweli." Siku nyingine Halimati angecheka. Siku hiyo hakuweza.

Bahari ikatulia yenyewe. Kesho yake meli ikatia nanga Mahajanga, abiria wakateremka kwa mashua, yule mtoto mchanga akipiga miayo. Wote wazima. Na hapo ndipo Halimati alipopata uchungu mpya ambao hakuutarajia. Kijicho chote kile, kilichomnyima usingizi na chakula, kilikuwa hakijaweza kuzamisha hata mbuzi.

Nyumba ya akina Bourhane ilikuwa mtaa wa Tsaramandroso. Wanawake walijipanga mlangoni kwa vigelegele, na mama yake Bourhane akasimama kizingitini, akauliza kama inavyotakiwa: "Maji ni safi?"

Halimati alikuwa na chupa mkononi na neno "hapana" mdomoni. Akilisema, harusi inasimama. Echata atarudi Nosy Be uso hauna pa kuuweka, na Bourhane atabaki mtu huru. Akamtazama Bourhane. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake katika ile kanzu isiyo na kosa, na alikuwa akimtazama Echata. Akimtazama hivyo tu, mdomo wazi kidogo. Halimati hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na alilitambua hilo mara moja, na lilimuuma vibaya sana. Kisha akamtazama Echata. Echata alikuwa akimtazama yeye, kwa uso uleule wa zamani, wa mtoto anayejua kwamba kamba ya mbeleko imelegea.

"Maji ni safi," Halimati akasema, akayamwaga.

Msidhani alisamehe. Alimhurumia, na huruma si msamaha. Hakungoja karamu ya siku ya saba. Meli ilipogeuka alirudi nayo, akakoka makaa, akaendelea na suruali za afisa wa forodha.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana ugomvi una kelele, watu husikia wakaja kupatanisha. Walitumiana salamu kwa mabaharia. Mwanzoni kila meli, halafu kila Idi, halafu akizaliwa mtu au akifa mtu. Halimati alikwenda Mahajanga mara moja tu, mtoto wa kwanza wa Echata, Mariamou, alipozaliwa. Akakaa, akanywa chai, na macho yake yakapita ukutani akitafuta ufa. Hakuona ufa. Aliliona jiwe la Bwana Nyundo, lile lenye konokono, limewekwa chini kuzuia mlango usijifunge. Akalitazama mpaka anatoka mlangoni. Kisha Waingereza wakateremka Mahajanga wakati wa vita, meli zikaadimika, na kila mmoja akapata udhuru. Vita vikaisha, meli zikarudi, udhuru ukabaki.

Bibi Zaïnabou akafariki. Echata alifika kuzuru kaburi, akalia, akaondoka na meli ya kurudi. Bakuli likabaki kwa Halimati, akalisugua kwa majivu na ndimu kila mwezi ingawa halikuwa na kazi.

Katika miaka hiyo kijicho chake kilihama. Wake za watu hakuwajali, waume hakuwatazama. Kilichomkera ni ndugu. Akiwaona dada wawili wanasukana barazani, atatafuta kasoro: huyu kamvuta nywele mwenzake, yule anajidai. Majirani walishangaa. Wengine walisema ni uzee, kumbe hata uzee ulikuwa haujafika.

Kisha Bwana Nyundo akarudi, mvi tupu, nyundo ileile. Alipokuja kuchukua nguo zake Halimati akamuuliza kama ameipata ile nchi yake ya komba.

"Haipo," akasema, wala hakuonekana kusikitika. "Siku hizi wako wataalamu wanaosema hakuna kilichozama." Akachukua vitambaa viwili vya meza vilivyokwisha kupigwa pasi, akavilaza kwenye meza vikigusana pindo kwa pindo. "Bukini, Afrika na Bara Hindi zilikuwa kitu kimoja. Zikaachana." Akavivuta, kimoja huku, kimoja huku, polepole mpaka ubao ukaonekana katikati. "Hivi. Taratibu, kama kucha inavyoota. Anayekaa juu yake hajui kama anakwenda. Wengine wanabisha, lakini mimi naanza kusadiki."

Halimati aliutazama ule ubao. "Ipi ilianza kuondoka?" akauliza.

Bwana Nyundo akacheka. "Hakuna iliyoanza, mama."

"Haiwezekani," Halimati akasema kwa ukali, akavinyakua vitambaa vyake. "Lazima ipo iliyoanza." Na siku hiyo aliunguza shati, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze kazi.

Sasa Mariamou akaposwa kisiwani Maore. Meli ya kwenda huko ilitoka Mahajanga ikapitia Hell-Ville, na Echata akashuka na binti yake wakanawe kwanza katika nyumba ya ukoo. Alikuwa amenenepa, na kicheko chake kimekuwa kizito. Bourhane alibaki Mahajanga na cherehani yake. Dada wawili wakabusiana mikono kwa adabu, wakaulizana hali ya miguu na bei ya mchele, wakalala vyumba mbalimbali.

Asubuhi ya safari nyumba ikajaa. Maji yakachotwa, Halimati akashika bakuli, akawauliza mmoja mmoja. Mariamou akanawa, binamu wakanawa, shangazi wa mwisho aliyebaki hai akanawa akitetemeka. Echata akazamisha mkono mpaka kifundoni, akasema maneno yote, wazi, kila mtu akasikia. Mshika bakuli huulizwa mwisho, na huulizwa na ndugu yake anayemfuata. Kwa hiyo ni Echata aliyeuliza.

"Moyo umetua, dada?"

"Bado," Halimati akasema.

Lo! Pepeo likamponyoka shangazi mkononi. Neno lile lilikuwa halijatamkwa katika nyumba ile tangu nyumba iwe nyumba. Mariamou akamshika mkono: "Mama mkubwa, meli inaondoka mchana huu!"

"Najua," Halimati akasema. "Bado."

Echata akajaribu kulipitisha kwa mzaha. "Ni Bourhane? Mpaka leo? Dada, ana upara yule. Anakoroma. Mchukue, nakuongezea na cherehani." Watu wakacheka kwa kushukuru kwamba kuna cha kuchekea.

"Bourhane simtaki," Halimati akasema, na vicheko vikakatika. Alikuwa akiyatazama maji. "Nilikaa miaka yote hii nikisema umenichukulia mume. Nikatafuta ufa katika nyumba yako, wallahi, niliutafuta. Kumbe kijicho changu hakiko kwako. Kiko kwa yule mwanamume. Yeye ndiye aliyenichukulia wewe. Anakuona kila kukicha. Anajua umeamkaje. Mimi niliyekubeba mgongoni, habari zako naletewa na mabaharia, tena nusunusu."

Echata akaukausha mkono wake uliolowa kwenye mtandio, kidole kwa kidole, akaketi chini mkekani. "Basi na mimi bado," akasema. "Nilidhani ulifurahi kuniondoa. Ulimwaga maji kama mtu anayemwaga ukoko, ukaenda zako hata karamu hukula. Kila meli ilipofika nilituma mtu bandarini akaangalie kama umo. Hukuwamo."

Meli ikapiga honi huko Hell-Ville. Mariamou akaanza kulia. Binamu wakamtazama shangazi, shangazi akatazama dari, maana sheria ya bakuli ni ya wazee na hakuna wa kuivunja.

Halimati naye akaketi, bakuli magotini. "Nani alianza kuondoka?" akauliza.

Echata akafikiri. "Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyepanda meli kwa ajili ya mtu ambaye sikumtaka kwa haki. Nilikuja kumpenda baadaye. Lakini wewe ndiye uliyemwaga maji, na ulijua hayakuwa safi."

"Nilijua."

"Ungesema 'bado' siku ile, ningekuchukia mwaka mmoja."

"Na mimi nilikukosa miaka yote hii," Halimati akasema. Akalia mbele ya watu wote, yeye aliyelia mara ya mwisho jikoni penye moshi wa sambusa. Echata akasogea mpaka magoti yakagusana. Wakatia mikono bakulini pamoja, wakashikana vidole humo ndani ya maji, wakasema maneno kwa sauti moja, na safari hii mikono ilikuwa imelowa na midomo ilikuwa na sauti.

Walipotoka nje honi ya mwisho ilikwisha kulia. Kutoka uwanjani pa Marodoka waliuona moshi wa meli umekwisha kupita kisiwa cha Nosy Komba. Nyingine haikuwapo mpaka mwezi ujao. Mariamou alijitupa kitandani na nguo zake za harusi, na Halimati akamkalia pembeni, akambembeleza vizuri sana, akamwambia mwanamume anayependa hungoja. Kisha akaenda jikoni, ambako Echata alikuwa amekwisha kukaa kwenye kibao cha mbuzi akimenya ndizi, akaweka maji ya chai, na Mungu amsamehe, alikuwa na furaha.